Kuhamisha maktaba ya taarabu na kasida kwenda FLAC: shajara ya mradi, Lamu

Mradi huu ni wa nyumba moja ya mtaa wa Mkomani, Lamu, yenye mkusanyiko wa sauti wa miaka mingi: kanda za taarabu na maulidi zilizokwisha kuingizwa kwenye kompyuta zikiwa WAV (sauti isiyobanwa), CD za kuchomwa, MP3 zilizozunguka kwenye flashi za watu, na rekodi za simu. Tunataka maktaba moja inayosikika vizuri sebuleni, kwa FLAC (fomati inayobana faili bila kupoteza sauti) kila inapowezekana.

Msimamo ulioamua kila hatua ni huu: kugeuza fomati hakuongezi kitu ambacho faili haina. Tunachoweza kufanya ni kutafuta chanzo bora kilichopo, kukigeuza mara moja tu, kisha kukilinda kisiguswe tena hadi kifike kwenye spika. Anayetaka MP3 ya kilobiti 128 igeuke kuwa CD hatapata hapa wala kwingine.

Vyombo: laptopu yenye Ubuntu, Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo), DAC ya USB (kifaa kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti), amplifaya na spika mbili ambazo zilikuwapo nyumbani. Programu zote ni za bure: ffmpeg, sox, flac, cdparanoia, rsgain na MPD (kicheza muziki). Ukiweka sox peke yake haitasoma MP3, kwa hiyo weka hivi:

`sudo apt install sox libsox-fmt-all ffmpeg flac cdparanoia`

9 Novemba 2024: Kupekua vyanzo

Kabla ya kugeuza chochote, kila faili iliulizwa ni ya aina gani:

`ffprobe -v error -select_streams a:0 -show_entries stream=codec_name,sample_rate,bit_rate -of csv=p=0 faili.mp3`

Jina la faili halitoshi. Folda moja iliyoandikwa FLAC ilikuwa na FLAC za kweli kwa umbo, lakini ndani yake mlikuwa na MP3 iliyokwisha kupunguzwa (MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo). Hilo huonekana kwenye picha ya masafa:

`sox wimbo.flac -n spectrogram -o wimbo.png`

MP3 ya kilobiti 128 hukatwa karibu na kilohezi 16. Juu ya hapo picha ni nyeusi tupu, na mpaka umenyooka kama uliopigwa rula. CD ya kweli hupanda hadi karibu na kilohezi 22, kwa sababu CD huchukua sampuli 44,100 kwa sekunde na nusu ya hizo ni 22,050.

Hapa ndipo wengi watakapotupa kitu kizuri. Rekodi iliyotoka kwenye kanda nayo haina mengi juu ya kilohezi 14 au 15, na kwa macho ya haraka inafanana na MP3. Tofauti ni namna inavyoishia. Kanda hufifia polepole, na juu ya muziki hubaki shii ya kanda yenyewe, ikionekana kama ukungu. MP3 hukatwa ghafla, na mara nyingi sehemu za juu zina vijishimo vyeusi vinavyokuja na kupotea. Tazama mahali ambapo tari au dumbaki linapigwa peke yake, kwa kuwa mlio wake hupanda juu sana na mpaka hujulikana mara moja.

FLAC bandia hatukuzirudisha kuwa MP3, maana huko ni kupunguza mara ya pili. Zimebaki zilivyo, kwenye folda ya “chanzo duni”, hadi kanda au CD yake ipatikane.

16 Novemba: CD za kuchomwa

CD zenye MP3 ndani yake ni kazi ya kunakili faili tu. CD za sauti hutolewa hivi:

`cdparanoia -S 4 -B`

`flac -8 -V *.wav`

Namba 4 ni kasi ya kusoma. Kasi ya kawaida ilileta milio ya “tik” kwenye nyimbo za mwisho, zilizo karibu na ukingo wa nje, ambako ndiko vidole hushika na ambako hewa ya chumvi huanza kula. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari, usizungushe: mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu data nyingi zilizofuatana, ule unaokatiza humezwa na marekebisho ya CD yenyewe.

CD za kuchomwa nyumbani hazimo kwenye hazina za mtandaoni za kulinganisha, kwa hiyo uhakika unapatikana kwa kutoa mara mbili na kulinganisha `md5sum` (namba ya kutambulisha faili) za WAV. Zikitofautiana, safisha, punguza kasi hadi 2, au badilisha kisomaji. Kisomaji cha zamani cha kompyuta ya mezani kilisoma CD ambazo kile cha laptopu kilizikataa. Zipo ambazo tabaka la fedha limeanza kubanduka. Hizo zisifutwe hata kidogo. Isome iliyobanduka kwanza, mara moja, kabla ya nyingine zote.

30 Novemba: WAV za kanda, na kilichoharibika

Hizi ndizo mali ya nyumba. Baadhi ni kanda za dukani zilizotoka Mombasa, zikiwamo za Mbwana Radio Service na za Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu. Nyingine ni za harusi na maulidi ambazo nakala yake haipo popote duniani ila kabatini humu. Ziliingizwa kwa sampuli 48,000 na biti 24. Kwa kiwango hicho dakika moja ni megabaiti 17.3, na upande mmoja wa kanda ya dakika 90 unakaribia megabaiti 780.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuzishusha zote hadi 44,100 na biti 16 ili zilingane na CD:

`sox upande-A.wav -b 16 upande-A.flac rate -v 44100 dither -s`

Likaja onyo: `rate clipped ... samples; decrease volume?` Sababu ni kwamba aliyeingiza kanda alijaza kiwango hadi juu kabisa. Kubadili kiwango cha sampuli huchora upya mawimbi, na kilele kilichokuwa kimegusa dari huweza kutokeza juu yake. Kinachotokeza hukatwa, na husikika kama kukwaruza pale mwimbaji anapopaza.

Tiba iliyo katika mwongozo wa sox ni kuongeza `-G`, nayo hushusha sauti kiasi kinachohitajika. Inafaa kwa faili moja. Kwa kanda iliyokatwa vipande haifai: kila wimbo unashushwa kivyake, na tofauti ya ukubwa kati ya wimbo wa taratibu na wimbo wa ngoma haibaki ilivyokuwa. Tumia namba moja kwa kanda nzima, `gain -3` kabla ya `rate`, na uhusiano wa nyimbo utabaki.

Baadaye tukaacha kabisa kubadili sampuli. DAC inapokea 48,000 bila shida, basi kwa nini ibadilishwe? Biti ndizo zilizofaa kupunguzwa. Biti 16 zina nafasi ya karibu desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini, na kanda ya kawaida isiyo na Dolby (mfumo wa kupunguza shii) hutoa kama 50 hadi 60. Biti nane za chini kabisa za faili la biti 24 zimebeba shii tu, na shii haibanwi na FLAC. Ndiyo maana faili za biti 24 hubaki nene hata zikigeuzwa. Uamuzi: asili ya biti 24 inawekwa FLAC kwenye diski ya akiba bila kuguswa, na ya kusikiliza inatengenezwa hivi:

`sox upande-A.wav -b 16 upande-A.flac gain -1 dither -s`

Neno `dither` (kelele ndogo sana inayoongezwa makusudi biti zinapopunguzwa) lisiachwe. Bila hilo, mwisho wa wimbo unaofifia huwa na mkoromo mdogo unaofuata mlio wa udi hadi kimya.

7 Desemba: Kuunganisha chaneli mbili kuwa moja

Kanda nyingi za zamani ni za mono zilizochezwa kwenye deki ya stereo, kwa hiyo kushoto na kulia ni kitu kimoja. Kuziunganisha hupunguza shii, na ukubwa wa faili hushuka hadi nusu. Tulipounganisha (`remix -`), nai ikawa kama inapulizwa nyuma ya pazia, na nyuzi za juu za kanuni zikazima.

Kosa lilikuwa kwenye kichwa cha deki, si kwenye programu. Kanda husafiri milimita 47.6 kwa sekunde, hivyo wimbi la kilohezi 10 lina urefu wa maikromita 4.8 tu juu ya utepe. Kichwa kikiinama kiasi cha chaneli moja kutangulia nyingine kwa nusu ya urefu huo, kilele cha kushoto kinakutana na bonde la kulia na vyote viwili vinafutana. Kwa sampuli 48,000, tofauti hiyo ni sampuli mbili na nusu hivi. Ukisikiliza stereo huisikii vizuri, ukiunganisha ndipo muziki wa juu unakufa.

Fungua faili kwenye Audacity, vuta karibu mahali dumbaki lilipopigwa, hesabu sampuli kati ya vilele vya kushoto na kulia. Kama kushoto kumetangulia kwa mbili:

`sox upande-A.wav mono.wav delay 2s remix -`

Pima upya kila upande, kwa sababu upande B huinama vingine. Kanda ambayo tofauti yake inahamahama katikati ya wimbo haitengenezeki hivyo. Chagua chaneli iliyo safi zaidi (`remix 1` au `remix 2`) na uiache nyingine. Na kama kanda bado inacheza, dawa bora ni kuirudia kwenye deki: kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa, sikiliza kwa mono na uizungushe polepole hadi shii na nai viwe vikali kabisa, ndipo urekodi. Kichwa kisafishwe kwanza kwa spiriti ya isopropili na pamba. Chupa ilikuwa shilingi 400.

14 Desemba: MP3, M4A na za simu

MP3 zimebaki MP3, na hapa hakuna mjadala. Sauti zilizo ndani ya video hazigeuzwi, hutolewa tu zilivyo:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -vn -c:a copy harusi.m4a`

`copy` ndiyo siri. Ukiiacha, ffmpeg itapunguza upya bila kukuuliza.

Nakala za simu hutengenezwa kutoka FLAC pekee: `ffmpeg -i wimbo.flac -c:a libopus -b:a 96k wimbo.opus`. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Na jambo lisilo la kiufundi lakini zito: kanda za harusi za upande wa wanawake zina folda yake, hazinakiliwi kwenye simu wala hazitumwi bila ruhusa ya wenyewe. Teknolojia isiwe njia ya kutoa nje kilichoimbwa ndani.

4 Januari 2025: Kicheza muziki

Faili safi huweza kuharibiwa dakika ya mwisho. Laptopu iliyounganishwa na spika ya Bluetooth mara nyingi hupunguza sauti upya kwa njia ya SBC (namna ya Bluetooth ya kubana sauti), hata chanzo kikiwa FLAC. Hata kwa waya, mfumo wa sauti wa kompyuta mara nyingi hugeuza kila kitu kuwa kiwango kimoja ili kuchanganya na milio ya arifa. Ndiyo sababu ya Raspberry Pi yenye MPD: haina kazi nyingine, na inazungumza na DAC moja kwa moja.

```
audio_output {
  type "alsa"
  name "Sebule"
  device "hw:CARD=Audio,DEV=0"
  auto_resample "no"
  mixer_type "none"
}
```

Jina la kadi hutofautiana, litazame kwa `aplay -L`. Kwanza tuliandika namba, `hw:1,0`, ikafanya kazi hadi umeme ulipokatika na kurudi. Pi ikapanga kadi upya, namba 1 ikawa ya HDMI, na sebule ikawa kimya. Jina halihami.

Uhakika kwamba hakuna kilichogeuzwa njiani unapatikana wimbo ukiwa unacheza:

`cat /proc/asound/card1/pcm0p/sub0/hw_params`

(Badilisha `card1` kulingana na kadi yako.) Mstari wa `rate` uonyeshe 44100 kwa CD na 48000 kwa kanda. Ukiona namba moja kwa zote, kuna kitu kinaingilia.

Kisha ikaja milio ya kukatika kila baada ya muda. Faili zilishukiwa bure. `vcgencmd get_throttled` ilijibu `0x50005`, maana yake umeme ni mdogo sasa na ulikuwa mdogo kabla. Chaja ya simu haiwezi Pi 4 pamoja na DAC. Inahitaji volti 5.1 na ampea 3. Chaja ya kweli ilipowekwa jibu likawa `0x0`.

Mkwaruzo uliobaki upande wa kulia ulikuwa wa plagi zilizoota kijani kwa chumvi. Namna ya kujua ni kubadilishana waya wa kushoto na kulia nyuma ya amplifaya: mkwaruzo ukihama, ni waya au kinachoutangulia, usipohama, ni amplifaya au spika. Nyumba za ukingoni mwa bahari zifanye usafi huu kila kaskazi na kila kusi.

18 Januari: Kusawazisha ukubwa wa sauti

Kanda ya maulidi ilikuwa chini, CD ya baada yake ikaruka juu. Jaribio la kwanza lilitumia kichujio cha `loudnorm` cha ffmpeg kwenye folda moja ya FLAC, na kasoro mbili zikatokea. Faili zilinenepa kupita kiasi, kwa sababu kichujio hicho kikifanya kazi kwa mpito mmoja hutoa sampuli 192,000 usipokiambia vingine. Baya zaidi, kinapandisha na kushusha sauti ndani ya wimbo wenyewe: utangulizi wa udi uliopigwa kwa utulivu ulipandishwa pamoja na shii yake, kisha ngoma ilipoingia kila kitu kikasukumwa chini. Taarabu inaishi kwenye tofauti hiyo. Folda ilifutwa, ikatengenezwa upya kutoka akiba ya biti 24.

Njia sahihi haigusi sauti:

`rsgain easy /muziki`

Programu hupima na kuandika lebo tu ndani ya faili, ikilenga LUFS −18 (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), na kila folda huhesabiwa kuwa albamu moja. Hivyo kanda moja, folda moja. Kwenye MPD andika `replaygain "album"`. Kuna faida ya pembeni: MP3 zilizojazwa hadi juu hushushwa kabla ya kufika kwenye DAC, na baadhi ya mikwaruzo iliyodhaniwa ni ya faili ikatoweka.

1 Februari: Chumba

Kwa maoni yetu hatua hii ilileta tofauti kubwa kuliko FLAC. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta zake ni chokaa ngumu. Piga kofi katikati ya chumba kitupu usikie mlio unavyorudi. Upana wa mita 2.7 huvimbisha besi karibu na hezi 64. Tulikagua kwa mlio unaopanda polepole:

`sox -n -r 48000 -b 16 pima.wav synth 40 sine 40:120 gain -15`

Amplifaya ianze chini. Pale sauti inapovimba ndipo tatizo lilipo. Spika zilikuwa kwenye pembe. Zikaletwa kwenye ukuta mfupi, zikitazama urefu wa chumba, zikasogezwa nusu mita mbele ya ukuta, na uvimbe ukapungua sana. Ukuta wenye zidaka uwe nyuma ya msikilizaji ikiwezekana, maana mashimo yake hutawanya mlio. Mikeka peke yake ni myembamba; zulia nene chini na magodoro ya kukalia ubavuni ndivyo vilivyotuliza mwangwi wa sauti ya mwimbaji. Gharama: hakuna, vilikuwa chumba cha pili.

15 Februari: Akiba na gharama

Diski mbili za nje, moja nyumbani, nyingine kwa jamaa mtaa wa Langoni. Zote zimo kwenye mikebe yenye kifuniko cha kubana na vipakiti vya silika. FLAC hubeba alama yake ya uhakiki ndani, kwa hiyo kuikagua ni rahisi:

`find . -name "*.flac" -exec flac -ts {} +`

Ikikaa kimya, zote nzima. Kunakili kwenda flashi ya FAT32 kulikataa baadhi ya nyimbo: majina yenye alama ya kuuliza au nukta pacha hayakubaliki huko. Yabadilishwe kwenye laptopu kwanza, kisha nakili kwa `rsync -rtv --modify-window=1`, la sivyo rsync huona faili zilezile kuwa mpya kila mara.

Matumizi: Raspberry Pi 9,500, chaja yake 1,500, DAC 1,800, diski mbili 13,000, memori kadi 800, spiriti 400, waya 350, mzigo kutoka Mombasa hadi Mokowe na boti 300. Jumla ni shilingi 27,650. Anayeanza na fedha kidogo anunue diski ya akiba kabla ya DAC. DAC itapatikana siku yoyote. Kanda inayobanduka haisubiri.

Kazi iliyobaki: kanda ambazo utepe wake umeshikana kwa unyevu, na zile zinazohitaji kurudiwa baada ya kunyoosha kichwa cha deki. Ingizo lijalo litakuwa la hizo.